Vilima vya Uingereza

Mansfield, Texas, Jumapili, Agosti 2018

Bado nimemkasirikia Salma, ingawa najua amefanya kama tulivyolelewa.

Bibi aliyenilea alifariki Tanga Jumanne, akazikwa siku ileile. Mimi nilikuwa likizo Uingereza, naendesha baiskeli mashambani na Salma na Mwanaidi, marafiki zangu wa hapa Texas. Kaka aliwapigia wao. Msafiri haambiwi msiba njiani.

Leo tumefika kwangu, hata mabegi hatujafungua, Salma akanishika mkono. "Shoga yangu, kaa kwanza. Bibi hatunaye tena."

"Tangu lini?"

"Jumanne."

Siku tano! Siku tano nakula biskuti, napiga picha na kondoo. Simu yangu alikaa nayo Mwanaidi, eti nisahau shifti za hospitali. Nikamshukuru!

Lakini kinachoniuma zaidi ni vile vilima. Kila kimoja niliwatangulia, nikifika juu nageuka na kuwapigia kelele, "Wavivu nyie! Kazeni miguu!" Wao wako mbali kule nyuma, wameinamisha vichwa.

Nilidhani nimewashinda. Kumbe walikuwa wananiacha nipite ili wapate kulia.