Mzee Bruhan Mugoya na Behewa la Magurudumu Mengi

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ulipotutoka sisi wa nyumba yako hapa Malukhu, Mbale, ukaacha mkebe wa gundi wazi mezani. Gundi ilikauka na brashi ndani. Hata siku hiyo hukufunika.

Ulikuwa fundi seremala mwenye mkono mwema. Vitanda vyako vinalaliwa mpaka Jinja. Lakini ukipata nafasi tu, ulichonga mabehewa madogo ya treni. Tena si ya kawaida. Hayo, ulisema, kila mtu ameyaona. Ulitaka ya ajabu: lenye winchi mgongoni, la kusafirishia wafungwa, la kunyunyizia reli dawa ya magugu. Magurudumu yake yalikuwa vifungo. Vifungo vilikuwa vya mkeo Twaibah, naye Twaibah ni mshonaji. Wateja wake wangapi walipewa makoti yasiyofungika!

Na siku ya kumwoza binti yako Swabrah, je? Tulikuwa njiani kwenda Buwenge kwa dada yako Zahara. Tulipofika Jinja ukaona watu wa vyuma chakavu wanakata behewa refu la kubebea mashine nzito, tumbo limeshuka karibu liguse reli, magurudumu kama miguu ya jongoo.

"Dereva, simama kidogo tu."

Kidogo! Ukaingia chini yake na kanzu nyeupe, futi ya Twaibah ya kupimia nguo mkononi. Askari mlinzi, Afande Apollo, akakukamata kwa wizi wa vyuma. Shehe anapiga simu, bibi harusi analia garini, na wewe, walii wake wa kumwoza, umeketishwa chini. Twaibah akashuka.

"Afande, huyu si mwizi. Ni mume wangu."

"Sasa chini ya gari ya moshi nafanya nini?"

"Anapima."

"Napima apeleke wapi?"

"Mezani kwangu. Atatengeneza lingine, dogo."

Afande akamtazama Twaibah, akakutazama wewe. "Pole, mama," akasema, akakuachia.

Ulidhani amekuamini, kumbe alimhurumia mkeo. Na hukurudi garini! Ulimwomba afande akushikie ncha ya futi, maana upande mmoja ulikuwa bado. Naye akashika.

Nikaha ilifungwa jua likizama, baba wa bibi harusi ananuka grisi. Swabrah hakukusemesha mpaka alipojifungua.

Behewa ulilochonga likatoka refu mno, likawa linaanguka kila kona. Ukazidi kupanua kona za reli yake ndogo hadi meza yote ya kulia ikajaa.

Baada ya matanga Twaibah aliapa kuisafisha meza yake. Maboksi yalikuwa tayari mlangoni alipofika Afande Apollo kutoa pole, kutoka Jinja kwa basi. Aliomba kuliona behewa lako. La kule Jinja, alisema, halikubaki hata kipande. Reli zenyewe zimeng'olewa. Akainama mezani, kofia mkononi.

"Ni lenyewe kabisa, mama."

Twaibah akawapa majirani maboksi yakiwa matupu. Mpaka leo tunakula mkekani, na kila anapotandika mkeka anakugombeza kwa jina.

Unakumbukwa na mkeo Twaibah. Binti yako Swabrah, mumewe na mtoto wao. Dada yako Zahara Naigaga. Na ukoo wote wa Buwenge na Mbale. Mungu akulaze pema. Kukusahau hatutaki, Baba. Na hata tungetaka, ungeturuhusu wapi?