Ndala ya Kushoto

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi ni wazima, ila nyumba nzima inanuka mpira ulioungua. Tangu nimalize shule namsaidia baba kutengeneza maboya ya nyavu. Yeye anaokota ndala chakavu jalalani, mimi nazikwangua uchafu wa miguu ya watu nisiowajua, kisha anazikata viduara na kuzitoboa kwa msumari wa moto. Maboya tunayajaribu kwenye beseni lile lile la vyombo. Juzi nilikuta unywele umenata kwenye kijiko changu, nikaacha kula. Baba akacheka, "Samaki hawalalamiki, wewe ni nani?"

Hayo ningeyavumilia. Lakini Jumamosi ndala zilimwishia, akaingia chumbani akatoka na zako za bluu, ulizoziacha ulipokwenda kupikia watu ugenini.

Nilimwambia kwa sauti ndogo, "Baba, hizo za mama."

"Mwaka wa pili huu. Anazivaa nani?"

Akakata ya kulia. Boya moja lina alama ya kisigino chako. Nilipoliona linaelea kwenye maji ya mafuta, nilitoka nje nikatapika.

Ya kushoto nimeificha kwenye begi langu la shule. Baba anaitafuta, nami najifanya sijui.

Mama, barua zangu tatu hujazijibu. Hii nijibu neno moja tu: unarudi? Kama hurudi, mimi mwenyewe nitampelekea baba aikate.

Ni mimi, kitinda mimba wako.