Mafuta ya Ijumaa

Kuala Lumpur,
Mwezi wa Shaabani

Dada yangu mpenzi Salbiah,

Assalamu alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Shemeji Tarmizi na wale wapwa zangu ambao kila nikiwapigia nakuta wamesahau maneno mengine ya kwetu. Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi ya Perth? Usiwe mkaidi, vaa soksi. Huku mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Baba naye anaamka, anakula kidogo, na vipindi vyote vitano anaswali msikitini. Ile chupa ya budu, mchuzi wetu wa samaki, uliyoiomba nimempa binamu yetu Faizul anayekuletea barua hii. Ameizungushia mifuko kama aliyebeba bomu, kwa hiyo ikivuja na nguo zake zikanuka samaki, lawama ni zake.

Umeisifu sana ile picha ya Baba nami katika ukumbi wa msikiti. Ulisema Baba amependeza na kofia yake nyeusi, na kwamba ni heri benki yetu imemkumbuka kumwita mgeni rasmi. Nitaifikia hiyo picha, Dada. Nipe nafasi nianze nyuma kidogo.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa mkono wakati juzi tu tumezungumza. Baba aliniapisha. Alinishika kiganja akasema niape kwamba jambo hili sitakwambia kwa simu, maana ungelia, na Shemeji angekimbilia kukopa nauli ya ndege. Nikaapa. Na kweli kwa simu sijakwambia. Naandika. Unaona kazi ilivyonifunda? Nimekula mshahara miaka mingi kwa kuangalia kwamba neno limetimizwa, hata kama maana yake imekwisha zikwa.

Karakana ya batiki haipo tena mikononi mwetu. Imepigwa mnada. Pale ulipokuwa ukikaa na marehemu Mama mkichora maua kwa kalamu ya nta, sasa kuna mtu anaosha magari. Baba akikwambia kwamba siku hizi kazi imetulia, hasemi uongo.

Unamjua Baba na riba. Mtu ambaye hata kalenda ya bure ya benki hakuitundika ukutani. Alipotaka kupanua karakana na kununua matangi mapya ya kuchemshia vitambaa, marafiki zake walimcheka, wakamwambia Wan Sulong, wewe utakufa na mapipa yako ya kutu, kakope kama wenzako. Akanijia mimi. Alinikalisha mbele yake, akaniambia nimjibu kama ninavyomjibu Mungu: hiyo ya benki yenu ni halali?

Nikamweleza. Nikamwambia benki haikukopeshi pesa. Inanunua mafuta ya mawese sokoni, yanakuwa mali yake, kisha inakuuzia wewe kwa bei ya juu utakayoilipa polepole. Mafuta yakishakuwa yako, unaituma benki ikuuzie kwa mtu mwingine, na fedha taslimu inayopatikana ndiyo unayojengea. Kwa hiyo inachochuma benki ni faida ya biashara, si riba. Baba alijikuna kichwa, akauliza kama ina maana yeye atakuwa tajiri wa mawese. Nikamwambia ndiyo, kwa dakika chache. Alicheka mpaka akakohoa.

Usidhani nilimdanganya. Niliamini. Wanazuoni wetu walioiruhusu njia hii waliifunga kwa sharti moja kubwa, nalo ni mpangilio: benki imiliki kwanza, ndipo ikuuzie, nawe umiliki kwanza, ndipo yauzwe kwa niaba yako. Ukigeuza, umeuza usichonacho, biashara imekufa, na kilichobaki ni pesa kwa pesa zaidi. Yaani riba yenyewe, imevaa kanzu. Kazi yangu katika benki ni kulinda mpangilio huo. Nilikuwa naiona ni kazi ya heshima.

Baba akasema atatia saini, lakini siku ya Ijumaa, kwa ajili ya baraka. Kwetu Kota Bharu Ijumaa ni mapumziko, benki hazifunguliwi, nikamwambia basi aende Alhamisi. Akakataa katakata. Alipanda basi usiku kucha mpaka huku, akaingia ofisini kwetu amevaa nguo nyeupe za kuswalia. Aliyemhudumia ni Mzee Badrul Munir, ndiye anayeshughulikia kununua na kuuza mafuta ya wateja, na ndiye mwadhini wa chumba chetu cha kuswalia. Walipatana papo hapo. Baba akamwambia, "Bwana Badrul, mafuta yangu yako wapi? Mtu hanunui kitu bila kukiona." Naye akamjibu, "Yamo tangini huko bandarini Johor, Mzee. Ukitaka kuyaona, chukua ndoo uende." Wakacheka wote wawili, wakateremka pamoja kwenda kwenye swala, wakakaa safu ya mbele.

Baba alilipa vizuri, Dada. Miaka mitano hakukosa hata mwezi mmoja. Yakaja mafuriko yale uliyoyaona kwenye taarifa ya habari. Tulikwambia maji yaliingia kidogo. Yalifika dirishani. Vitambaa vyote vya oda za Idi vilioza, nta ikaelea nje kama povu la sabuni, matangi yakajaa tope. Baba akaanza kuchelewa malipo, akasogezewa muda mara moja, akachelewa tena. Kesi ikapelekwa mahakamani, amri ya mnada ikatoka. Mimi nilikuwa nakwenda kazini katika jengo lile lile lililotuma barua zile, napanda lifti na watu wale wale.

Mnada ulikuwa umekaribia sana siku nilipokaa na Mzee Badrul kantini. Ilikuwa Ijumaa, watu ndio kwanza wanatoka kuswali. Nikamtania kwamba yeye ana mbawa, kwa sababu soko la mafuta halimalizi kazi mapema kiasi hicho, naye kila Ijumaa anamtangulia imamu kwenye swala. Akatabasamu kwa fahari. Akaniambia, "Siri yangu hiyo, binti. Ijumaa, mafuta ya wateja nayauza kwanza yote, wanunuzi wako tayari asubuhi. Ya benki nanunua nikishatoka kuswali. Mafuta yale yale, pesa ile ile. Adhana haisubiri mtu."

Niliweka kijiko chini. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu alipopewa uadhini, na hiyo ilikuwa kabla ya Baba kutia saini. Ilipofika hapo akauona uso wangu, akaacha kutabasamu, akauliza ameharibu nini. Nilipomweleza, alilia pale pale juu ya wali wake, mtu mzima mwenye wajukuu. Nimejaribu kumchukia nimeshindwa. Alikuwa anakimbilia swala.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilipanda ngazi mbio. Nilijiambia mkataba wa Baba ni batili tangu siku ya kwanza, kwa hiyo benki haina haki ya faida hata senti. Alichokwisha kulipa kikihesabiwa kuwa ni marejesho ya mtaji, kinachobaki ni kidogo, nauza gari langu na karakana inapona. Niliandika taarifa nikaipeleka kwa kamati ya sharia siku ile ile. Sikuwaficha kwamba mmoja wa wateja hao ni baba yangu.

Kamati ilikaa. Nakwambia ukweli, hawakupepesa macho. Sheikh Mukhriz, mwenyekiti, alisoma hukumu kwa sauti ya huzuni: mauzo yote ya Ijumaa ni batili, faida yake ni haramu kwa benki, na itolewe yote itakaswe. Nilitaka kumbusu mkono. Kisha akamalizia kwamba kutakaswa ni kupelekwa kwenye sadaka.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikauliza kama hazirudishwi kwa waliozilipa. Bi Rozita, mwanasheria wetu, akanijibu kabla ya Sheikh. Akasema, "Wan Khuzaimah, mdogo wangu, wewe unawaza baba yako, mimi nawaza wateja wote. Ukimrudishia mmoja, kesho wamepanga foleni mpaka barabarani. Mbele ya mahakama mkataba umesainiwa na deni ni deni. Mnada hausimami kwa ajili ya adhana." Mtu mmoja akacheka puani. Nikamgeukia Sheikh, nikamwambia hapa haki ya Mungu imetoka, na ya watu je? Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema kamati inaamua kipi benki haiwezi kula. Nani arudishiwe ni suala la uongozi. Uongozi ulikuwa umekaa pale pale mezani, unakunywa chai.

Mnada ukapita. Baba alikwenda mwenyewe, amevaa vizuri, akasimama nyuma mpaka nyundo ikagonga. Alichochukua karakanani ni kalamu ya nta ya Mama tu. Sasa anaishi kwa Shangazi Ngah, katika kile chumba cha pembeni. Nami ndiye ninayempelekea matumizi, kwa mshahara wa benki ile ile. Umeniuliza mara mbili kwa nini siachi kazi ikiwa nimechoka hivyo. Ndiyo hiyo.

Basi, picha. Pesa iliyotakaswa ilibidi ionekane inatoka. Wakaamua iwe vikapu vya chakula kwa waathirika wa mafuriko, kabla ya mwezi wa Ramadhani, na wakachagua Kota Bharu. Watu wa matangazo wakaniomba niende nikagawe, eti mimi ni mtoto wa kule na najua lafudhi. Nilikwenda. Nilidhani ningewaona watu wengine.

Baba hakuwa mgeni rasmi, Dada. Alikuwa kwenye foleni. Watu wa msikiti walimwandika jina bila kumwambia, na alipoitwa, heshima ilimzuia kukataa mbele za watu. Itazame tena ile picha. Mikono iliyo juu ya kikapu ni yangu, ninayetoa. Ya chini ni yake. Alipofika mbele yangu aliwageukia majirani akawaambia, "Huyu ndiye binti yangu, anafanya kazi kwa watu wa dini hawa." Mpiga picha akamwambia, cheka Mzee. Akacheka. Kisha akaninong'oneza nikishike kikapu vizuri, maana picha anataka kukutumia wewe.

Ndani mlikuwa na mchele, sukari, tende, na chupa moja ya mafuta ya mawese. Jioni alitukaangia ndizi, mimi na Shangazi Ngah. Aliimimina chupa ile kwa uangalifu, akasema mafuta haya ni mazuri, hayatoi moshi. Ndiyo mafuta pekee aliyoyaona kwa macho yake katika yale yote aliyoyanunua. Nilikula ndizi zile, Dada. Zilikuwa tamu. Nilimaliza sahani.

Kila baada ya swala anaiombea benki dua. Sijamwambia chochote, na nimekata shauri sitamwambia. Karakana wamemnyang'anya. Mama hayupo. Kimebaki kitu kimoja anachojivunia anapokaa na wazee wenzake, kwamba maisha yake yote, pamoja na shida zote, hakuigusa riba. Na mimi niliyemwapia kwamba ni halali, ndiye ninayejua kwamba ameilipa miaka mitano, mwezi kwa mwezi, huku akimshukuru Mungu. Akilijua hilo hatapona. Nakusihi nawe usimwambie. Akitaka uisifu ile picha, isifu.

Barua hii ukishaisoma ichane. Nisalimie Shemeji na wapwa zangu, wabusu kwa niaba yangu, waambie mama yao mdogo anawakumbuka. Shangazi Ngah anasalimu sana, analalamika hujamwandikia. Mzee Badrul pia anaomba msamaha wako ingawa hujawahi kumwona. Siku hizi ameacha uadhini, anaswali safu ya mwisho karibu na viatu.

Baba anakusalimu kuliko wote. Nilipompigia asubuhi alisema nikikuandikia chochote nikwambie usimhangaikie, ana kila kitu, hata chupa ile ya mafuta bado haijaisha.

Mimi mdogo wako,
Wan Khuzaimah