Mkeka Wako Bado Wanautandika

Kwako mke wangu, Mama Rukia,

Kuna jambo nilikuficha katika miezi yako ya mwisho, na tangu ulipotutoka nimewaficha na wengine. Daktari amesema moyo wangu umechoka, wala hakuzunguka sana kunieleza. Basi nakuandikia nikiwa bado naweza kushika kalamu.

Wakumbuka ulivyoanza mazoezi? Uliambiwa sukari imepanda, ukajiunga na kundi la Mwalimu Kadzo kule uwanjani Kizingo. Siku ya kwanza ulitoka baada ya alfajiri, mkeka wako wa ukili wenye pindo la zambarau kwapani, ukauacha huko pamoja na ya wenzako. Ulinibembeleza twende sote. Nikakwambia mtu mzima harukiruki mbele za watu. Ukacheka: "Wewe ukikaa barazani hata kunguru hukudhani nguzo."

Ulikuwa ukirudi na jasho usoni na majina mapya mdomoni. Nami chai ya asubuhi, tuliyoinywa pamoja tangu tuoane, nilikuwa nainywa peke yangu, nikikitazama kikombe chako kilichopinduliwa juu ya kisahani. Sikukwambia kuwa niliumia.

Kisha kidonda cha sukari mguuni kikakulaza. Asubuhi zikarudi kuwa zetu wawili. Uliniuliza, "Kadzo hajaniulizia?"

Nikajibu, "Watu wana shughuli zao."

Ukageukia ukutani. Wiki iliyofuata ukauliza tena, nikakupa jibu lile lile. Baadaye ukaacha kuuliza.

Miezi mitatu baada ya kukuzika, nyumba ilinishinda. Nikaenda Kizingo, nikajitambulisha kwa jina la ukoo tu. Mazoezi yale si mchezo, Mama Rukia. Sijui uliyawezaje. Tuliambiwa tuchuchumae na kuinuka mara ishirini. Mara ya sita nilibaki chini. Mzee mmoja, dereva mstaafu, akaniinamia. "Sheikh, unafanya mazoezi ama umepoteza miwani?" Kundi zima likacheka. Mwalimu akanishika kiwiko.

"Pumua, babu. Leo sita zatosha. Kesho tutaomba ya saba."

Nilikuwa nimeazimia kutorudi. Lakini wakati wa kuondoka niliona, upande wa wanawake, mkeka mmoja umetandikwa bila mtu. Pindo la zambarau. Nikauliza ni wa nani.

"Wa mwenzetu," Kadzo akasema. "Kasafiri, yuko kwa dadake Malindi. Sisi hapa asiyekuja humtandikia, akirudi akute nafasi yake."

Sikuwa na ulimi wa kumwambia kuwa mwenzao hatarudi, wala kuwa mimi ndiye mumewe. Nikarudi kesho yake, na kesho yake tena, mwaka mzima. Ile ya saba niliipata. Hata ya ishirini niliipata, magoti yakilia kama bawaba za mlango wetu. Kila asubuhi nilisimama mahali ambapo ningeuona mkeka wako, na kila asubuhi niliondoka bila kusema.

Sasa siwezi kushuka ngazi. Juzi Rukia aliniletea simu kitandani. "Baba, mwalimu wako anakuulizia."

"Babu, tumekutandikia," Kadzo akasema.

Maneno mawili tu, nami nikalia hata Rukia akashtuka. Nilijua hapo uzito wa kitu nilichokunyima.

Akipiga tena nitamwambia yote. Lakini wewe ndiwe mwenye haki ya kusikia kwanza. Mola akitukutanisha, unitazame au unigeuzie mgongo kama siku ile, sitalalamika.

Simu yako nilikuwa nayo mimi. Nilitaka chai yetu, nilitaka uwe wangu peke yangu. Kadzo alipiga kila Ijumaa mpaka ulipofariki, ndipo nikaizima. Kila mara nilimwambia umesafiri, na kila mara aliniagiza nikupe salamu za kundi zima. Walikuulizia, mke wangu. Hawakukosa hata wiki moja.

Mumeo,
Baba Rukia