Nimeivuta "live"

Mwenzangu, uko? Nimeharibu. Nimeharibu vibaya sana!

Unamkumbuka yule dada wa usafi hapa ofisini, anayeniwekea chai? Aliniomba nimsemee kwa bosi, maana bosi hajui Kiswahili. Anataka kile chumba cha uani kinachokaa bure, ahamie na wanawe. Na mimi si unanijua ninavyojidai na Kiingereza!

Nikamwambia bosi, "She wants to live here."

Kumbe nimeivuta! Ile ya kuishi ni fupi, unaikata tu. Mimi nikasema "liiiv", ikawa ya kuondoka. Bosi akashangaa, akaniuliza mara mbili: "Leave?" Nikaitikia yes, yes. Tena natabasamu! Yes, mwenzangu!

Leo kapewa barua. Anaachishwa kazi kwa ombi lake mwenyewe, na shukrani juu.

Kiingereza hasomi. Kaniletea mbio, macho yanang'aa: "Dada, nisomee. Nimepata chumba?"

Nikamwambia nimebanwa na kazi, nitamsomea baadaye.

Niende kwa bosi, mguu hauinuki. Na hapa nilipo namsikia huko uani anasugua sakafu ya kile chumba, anaimba.