Vioo vya Trei ya Pili

Kwa Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo nyumbani, wewe, shemeji na mama mkwe wako. Natumaini kichefuchefu kimekupungukia na kwamba mgeni wetu aliye tumboni hajaanza kukuonea. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia.

Dada, kabla hujasoma mstari mwingine, ile dawa ya kichefuchefu niliyokuletea usiinywe tena, hata kijiko kimoja. Usiimwage, iweke juu ya kabati pamoja na karatasi yake. Jana nilikupigia mara tatu, akapokea shemeji, akaniambia umelala fofofo. Nikamsihi akukataze dawa. Alicheka sana, akaniuliza mimi ni karani gani, juzijuzi nawakaba watu koo ili wanywe, leo napiga marufuku. Akanishauri nioe nipate wangu wa kumsumbua. Nilishindwa kumweleza. Ndiyo maana naandika, na mwenzangu wa mapokezi anakuletea barua hii mkononi leo hii.

Sijawahi kukusimulia sawasawa kazi yetu. Ofisi yangu ni meza moja ndani ya maabara, na dirisha lake limezibwa kwa karatasi nyeusi. Nyuma ya kiti changu iko mashine ya kuangulia mayai, yenye joto kama la mtu mwenye homa. Hakuna yai linaloachwa humo likatoa kifaranga. Yakifika siku zake hufunguliwa, ubongo wa kiinitete hukatwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vikabandikwa juu ya vioo vidogo.

Siku yangu ya kwanza Daktari alinieleza kwamba ubongo wa kila kiumbe huanza kama kijikaratasi kinachojikunja kikawa bomba. Seli za ukingo wa ndani hugawanyika, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, kwa kasi ya ajabu. Kisha majirani zao huzipa ishara kwamba sasa basi. Seli iliyosikia hutoka pale ukingoni, hupanda juu, hugeuka kuwa seli ya neva, na tangu hapo haigawanyiki tena hadi kufa. Nikauliza, na isiposikia? Daktari akasema swali hilo ndilo linalotulisha sote humu ndani.

Anayehesabu ni mama mmoja mtu mzima tunayemwita Bi Kimya, kwa kuwa kutwa nzima hutoa maneno mawili tu. Huinamia hadubini akasema imetulia, au inagawanyika, nami naweka alama. Yeye haruhusiwi kujua kioo kipi ni cha yai lililotiwa dawa na kipi ni cha yai lisilotiwa, jicho lake lisije likaegemea upande. Vioo vina namba tu. Maana ya namba hizo huijua karani peke yake.

Dawa tuliyoletewa kuipima ni hiyo hiyo yako. Ilikuwa tayari madukani, ila kuna watu waliokuwa na wasiwasi nayo.

Trei ya kwanza ilitupitia kama wimbo wa kubembelezea. Imetulia, imetulia, imetulia. Bi Kimya alipiga miayo, akatania kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, kwamba kazi hii ingemfaa mgonjwa wa usingizi. Trei ya pili tuliifungua baada ya chakula cha mchana. Mayai yalikuwa ya umri ule ule, umri ambao ukingo ule unapaswa kuwa karibu kimya. Akasema inagawanyika. Akasema tena, na tena. Ukurasa ukajaa, nikafungua mwingine. Sauti yake ikaanza kushuka, mpaka akawa ananong'ona, na mimi bila kujijua nikawa naweka alama taratibu, kama watu wawili wasiotaka kusikika na wa tatu. Nikamuuliza mbona ananong'ona. Akajibu kwamba hajui; ila anaona kama tumeingia chumbani kwa watu bila hodi.

Alikirudia kioo kimoja. Hesabu ikazidi ile ya kwanza. Akakirudia tena, ikazidi tena. Seli zile zimekufa, Dada, zimegandishwa na kupakwa rangi, haziwezi kuongezeka. Bi Kimya alisema ni jicho tu linazoea. Lakini alisogeza kiti chake mbali na hadubini kabla ya kusema hivyo.

Kisha akaniita nitazame. Ubongo wa kuku wa umri ule huwa laini kama kokoto ya mtoni. Ule ulikuwa umejikunjakunja, kama shuka kubwa iliyosukumizwa ndani ya mfuko mdogo, na bado ukingo wote ulikuwa umejaa vidoa vya seli zinazogawanyika. Hakuna iliyosikia.

Kwa mujibu wa daftari langu, trei ya pili ilikuwa ya mayai yasiyotiwa dawa. Daktari akashangaa, akailaumu mashine ya kuangulia kwamba ilizidisha joto upande ule, akaagiza mayai mengine yasiyotiwa dawa. Trei ya kwanza ikahesabiwa kuwa ushahidi kwamba dawa ni salama. Barua ya kuthibitisha nikaichapa mimi. Jioni ile ile nikakuletea chupa, wewe uliyekuwa umeikataa, nikakuapia kwamba sisi wenyewe tumeipima.

Juzi mayai mapya yakahesabiwa. Yote yametulia. Mashine ni ile ile, upande ni ule ule.

Sasa sikiliza, Dada, maana hili sijalisema popote kabla ya leo asubuhi. Bi Kimya alinionya tangu mwanzo kwamba namba za vioo huandikwa kwa penseli, kwa sababu spiriti ya kuoshea hula wino. Mimi nikaandika kwa kalamu, kwa kuwa mwandiko wangu wa kalamu unapendeza. Siku moja, kabla ya kuhesabu, nikavitoa vioo kwenye spiriti nikakuta trei mbili zisizo na namba hata moja, na maji ya rangi ya buluu. Niliogopa kufukuzwa. Nikaziandika upya kwa kukisia. Nilizibadilisha trei, Dada. Ile ya pili ndiyo ya dawa.

Leo asubuhi nimemwambia Daktari yote. Nilitegemea anifokee. Badala yake alisimama, akawapigia waliopokea barua yetu, kisha akaniuliza swali moja: dada yako alianza kunywa wiki ya ngapi? Anasema kila sehemu ya ubongo ina wakati wake wa kuambiwa basi, na kama wakati huo ulipita kabla ya dawa, umepita salama. Mimi ninayekariri namba za vioo mia mbili sijui mimba yako ina wiki ngapi.

Niandikie sasa hivi tarehe uliyoanza kuinywa na wiki ya mimba siku hiyo, umpe huyo aliyekuletea barua. Nimemwomba asiondoke bila jibu. Kesho Daktari atakupokea mwenyewe. Ukitaka kunilaani, nilaani, ila tarehe itangulie.

Msalimie mama mkwe. Shemeji mwambie nimemsamehe kicheko chake, naye ajaribu kunisamehe mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Karani