Kompyuta Kumi na Moja

Rabat, 9 Desemba

Kwa Baba yangu mpenzi, Sidi Miloud,

Assalamu alaykum. Kutoka huku mbali naubusu mkono wako na paji la uso wako. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti la kushoto halikusumbui sana tangu baridi ianze. Mama hajambo? Naye dada yangu Yamina mwambie kuwa zile tende za aina ya aziza alizonifungia nimezila zote peke yangu, sikumgawia hata jirani, kwa hiyo asinilaumu nikirudi nimenenepa. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio si mzima, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ningesikia sauti yako, nikaishia kukuuliza habari za mvua.

Yamina ameniandikia yale uliyomkataza asiniambie. Tafadhali usimgombeze. Nimejua sasa kwamba wewe si mgawa maji tena. Kwamba Ijumaa ile, baada ya sala, watu wote wanaomwagilia kwa bwawa letu walikaa kikao, na Hajj Kaddour akasimama na orodha yako ya zamu za maji mkononi, akawaonyesha kuwa jina la mjane Lalla Tamou halimo, na mahali pake jina la binamu yangu Bachir limeandikwa mara mbili. Wiki mbili nzima shamba la mama yule halikupata tone, na alivyokuamini, aliona haya hata kuja kukuuliza. Mboga zake zote zimekauka.

Yamina anasema Hajj Kaddour hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alisema tu: "Sidi Miloud, miaka thelathini na moja hatujakuuliza kitu. Leo tunauliza. Maji ya mjane yamefikaje kwa mtoto wa kaka yako?" Ukawajibu kwamba mkono uliteleza, kwamba kompyuta imegoma tangu Septemba na majina sabini umekuwa ukiyanakili kwa mkono, na macho si yale ya zamani. Mtu mmoja huko nyuma akaangua kicheko: "Haya, leo kompyuta ndiyo imekula rushwa!" Basi wakakuomba ufunguo wa mlango wa mfereji. Ukautoa mfukoni mwenyewe, ukauweka mkekani.

Na kabla hujatoka uliwaambia neno moja ambalo Yamina hakujua kama aniandikie au aniache. Uliwaambia: "Mwanangu yuko na watu wa programu hizo. Angejua, asingekubali nifikishwe hapa." Siku kumi na mbili sasa nalala na maneno hayo na kuamka nayo, Baba.

Acha nikueleze kazi yangu, maana umeniuliza mara nyingi nami nikakujibu juu juu kama unavyomjibu mtu asiyeweza kuelewa. Nisamehe na hilo pia. Mbali na ofisi inayonilisha, kila Jumapili najitolea katika kundi la watu waliotawanyika duniani. Hatulipwi. Tunatunza ghala la programu. Mtu akitaka kifaa fulani kwenye kompyuta yake, tuseme cha kuchapa majedwali, kompyuta inakifuata ghalani yenyewe, na inakileta pamoja na vingine vyote ambavyo kifaa hicho hakiwezi kufanya kazi bila hivyo. Lakini kwanza inauliza: huu mfumo endeshi wa hapa umo katika orodha ya mifumo inayopatana na kifaa hiki? Ukiwemo, mtu anapewa. Usipokuwemo hapewi, na hata kile alichokuwa nacho kinaweza kuondolewa siku ya kusasisha. Kila kifaa kina mtunzaji wake, na mtunzaji ndiye anayeiandika orodha hiyo.

Mifumo ya zamani inachosha, siwezi kukuficha. Kila toleo jipya likitoka inabidi ulijaribu tena juu yake, unapoteza Jumapili nzima kwa ajili ya watu usiowajua. Mtunzaji wa kile kifaa cha majedwali alichoka. Mwishoni mwa mwezi wa nane alitazama hesabu, akaona kuwa duniani kote mfumo ule mkongwe umebaki kwenye kompyuta kumi na moja tu. Aliwaandikia wenzake kwa mzaha kwamba hao tunaweza kuwakodia basi moja dogo, tuwapeleke wote dukani wakanunue kompyuta mpya. Watu wakacheka. Mwenzetu mmoja wa Tunis, Sondos, mwanamke asiyecheka ovyo, hakucheka. Alimkumbusha kuwa desturi yetu ni kutangaza miezi sita kabla ya kuuondoa mfumo wowote, hata akibaki mtu mmoja, kwa sababu hatujui mtu huyo anaufanyia nini. Mtunzaji akamwambia aache kujifanya mama mkwe wa mtandao mzima. Akaufuta mstari wa mfumo ule katika orodha mchana huo huo, akaenda kutazama mpira.

Kompyuta yako ilikuwa moja ya zile kumi na moja. Ndiyo ile niliyokuachia miaka tisa iliyopita nilipokuja huku kusoma, na ni mimi niliyeipanga ijisasishe kila Jumapili ili usihangaike. Nilidhani zamani umehamia ile mpya niliyokutumia mwaka juzi. Nilipokuja nyumbani Oktoba kwa mavuno ya tende nikaikuta kabatini, bado imo ndani ya boksi, imefunikwa kitambaa cha meza, kwa sababu, ulisema, ni nzuri mno kuiweka kwenye vumbi.

Safari ile ile, siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Mama akimimina chai, ulitoa daftari lako. Ukanieleza jinsi kompyuta ilivyoacha kukuchapia zamu za maji. Yamina alikufungulia ukurasa kule kunakopelekwa malalamiko ya kile kifaa cha majedwali, kwa jina la Mkulima, nawe ukaandika kwa Kifaransa chako cha shule, mistari kumi na miwili, kwa adabu zote. Akakujibu mtu anayejiita Nge. Jibu lake ulikuwa umelinakili daftarini, ukatusomea: "Mzee, kompyuta yako ipeleke makumbusho, au mpe mbuzi aile. Hapa si nyumba ya kulelea wazee." Mama akasema audhubillahi. Wewe ulicheka kidogo, ukavua miwani, ukauliza: "Hivi huyu kijana hana baba?"

Kisha ukanigeukia, ukaniuliza kama namjua huyo Nge. Nikakujibu simjui. Nikasema watu wa mtandaoni ndivyo walivyo, usiwatie moyoni. Ukasema basi, utaandika kwa mkono kama alivyoandika marehemu babu, ukanisogezea sahani ya tende.

Baba, Nge ni mimi.

Ndilo jina ninalolitumia kule tangu nikiwa chuoni. Mstari ule niliufuta mimi, mzaha wa basi ni wangu, na Sondos ni mimi niliyemtukana. Yale ya mbuzi niliyaandika nikiwa mkahawani, nikinywa kahawa, na ulichoandika wewe sikukimaliza. Nimekisoma chote sasa. Mstari wa saba unasema: "Watu sabini wanaisubiri karatasi hii, bwana, na mimi naogopa kukosea."

Laiti hayo yangekuwa ndiyo yote. Ulipokuwa ukisoma daftarini nilijua tayari kuwa ni mimi, na kuurudisha mstari ule ni kazi ya robo saa. Kompyuta yangu ilikuwa chumbani, kwenye begi. Sikuurudisha, kwa sababu kila tunachobadilisha kinaandikwa hadharani pamoja na jina la aliyekibadilisha, na Sondos na wenzake wangeona Nge amelamba matapishi yake. Ningeweza hata kukuhamishia orodha kwenye ile kompyuta ya kabatini, nilikuwa na siku nne. Lakini ungeniuliza ile ya zamani imeuawa na nini, nami nililiogopa swali hilo. Niliona haya mbele ya watu ambao sijawahi kula nao, nikakuacha wewe uaibike mbele ya watu mnaosali safu moja. Wiki tatu baada ya mimi kuondoka ukaliruka jina la Lalla Tamou.

Mfumo wako nimeurudisha siku ile ile nilipopata ujumbe wa Yamina, kwa jina langu kamili, na nimeeleza pale pale nilichofanya na sababu yake. Sondos alijibu neno moja tu: umechelewa. Ni kweli. Kompyuta yako imeshapona, na huna tena orodha ya kuichapisha.

Siombi unisamehe leo. Ninalotaka ujue ni kwamba barua hii nimeiandika mara mbili. Nakala ya pili, neno kwa neno, hata lile la mbuzi, nimempelekea Hajj Kaddour, na nimemwomba aisome Ijumaa baada ya sala, mbele ya kikao kizima. Yako nimeitanguliza ili usiyasikie haya kwa mara ya kwanza ukiwa umekaa katikati ya watu. Siku hiyo nitakuwepo. Akimaliza kusoma nitasimama, wanione.

Nakujua, Baba. Ukifika hapa utakuwa umeshaanza kutafuta viatu vyako, uende kwa Hajj Kaddour ukamwombe aifiche barua ili mwanao asiaibike. Nakusihi, usiende.

Mpe Mama salamu zangu, na haya umweleze wewe, mimi sina mdomo wa kumwambia. Kwa Lalla Tamou nitakwenda mwenyewe kabla sijaingia kwetu. Mungu akulinde na akupe afya, wewe na wote walio chini ya paa lako.

Ni mimi mwanao,
Abdelwafi